Rolande wa Nje ya Uzio

Asubuhi ile Rolande aliamka na ugomvi na redio. Philias alikuwa ameifungulia rozari, kama kila siku, na mkewe akapita na kikombe chake mkononi, akaipunguza sauti mpaka Salamu Maria zikawa kama nzi ndani ya chupa.

"Nataka kusikia hali ya hewa," akasema.

"Hali ya hewa ipo dirishani."

"Dirishani pana barafu, mzee. Sioni kitu."

Akaikwangua barafu kwa ukucha, akachungulia. Theluji ilikuwa imefika kwenye kitasa cha mlango wa banda. Akasema hiyo si theluji ya kuchezewa na mtu wa umri wake, amsubiri mwanawe Gaétan aje na mashine ya theluji. Philias akasema atasubiri, na wote wawili walijua hatasubiri. Rolande akatwaa mkate, akauchora msalaba mgongoni kwa ncha ya kisu kama alivyofundishwa na mama yake, akaukata, akavilaza vipande juu ya jiko la kuni. Wakala na molasi. Akalalamika kuni zimezidi, mgongo unamwungua. Philias alipotoka na koleo, alimwona nyuma ya ule upenyo alioukwangua, jicho moja tu, linamsimamia kazi.

Basi, hakuna jingine. Siku iliisha kama zilivyoisha nyingine. Kesho yake, Rolande akimenya viazi, kisu kilimtoka mkononi na mdomo ukaenda upande. Hospitali ya wilaya ilikaa naye mpaka Ijumaa. Akafa bila kusema neno tena.

Pale Sainte-Zélie mtu akifa Januari hazikwi Januari. Ardhi ya Kebeki wakati huo ni jiwe. Maiti huwekwa katika kinyumba cha mawe nyuma ya kanisa, chenye mlango wa chuma, nao husubiri humo na wenzao wa baridi hiyo mpaka udongo ulainike, mwezi wa Mei. Rolande alipelekwa humo. Watu wakamwuliza Philias misa ni lini. Akasema theluji ikiyeyuka. Wakamwuliza atalazwa wapi, kwenye kaburi la ukoo wa Gingras, pale penye jiwe kubwa?

Akavaa kofia, akaondoka. Swali hilo ndilo lililomsumbua. Katika ndoa yao yote Rolande alimwomba mumewe kitu kimoja tu, kwamba siku yake ikifika alazwe na Lucille. Philias akasema ndiyo. Na Lucille alikuwa nje ya uzio.

Lucille alizaliwa Machi, wakati wa sukari. Gaétan, mtoto wao wa kwanza, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Miti ya sukari ilikuwa inatiririka mchana kutwa, na jikoni kila chombo kilijaa utomvu unaongoja kuchemshwa, ndoo, masufuria, hadi jagi la maziwa. Utomvu wa mti ule, kabla haujaona moto, macho hayawezi kuutenga na maji. Mtoto akaja kabla ya wakati wake, rangi ya bluu, anapumua kwa kudokoa. Daktari alikuwa ng'ambo ya mto, na barafu ya mto ilikuwa imeanza kupasuka, hapapitiki.

Aliyempokea ni Exilda, mama yake Philias. Alijua la kufanya. Kila mwanamke wa kijiji alijua: mtoto akitaka kwenda na padri yuko mbali, yeyote anaweza kumbatiza, maji kidogo na yale maneno. Exilda akachota kikombe kwenye jagi lililokuwa karibu, akamwagia mtoto kichwani, akasema maneno yote bila kuruka hata moja. Mtoto alikaa nao muda mfupi, akaenda. Wakashukuru kwamba alau ameondoka akiwa na jina.

Halafu Exilda akajipangusa mdomo kwa mkono ule ule, akaonja utamu.

Mtu mwingine angenyamaza. Exilda hakuwa mtu wa kumficha padri jambo. Alivaa viatu, akaenda kumweleza. Padri Desruisseaux hakuwa mtu mbaya. Alisoma vitabu vyake, alifikiri, akaja mwenyewe na kofia mkononi, akasimama pale jikoni katikati ya ndoo. Akasema ubatizo ni wa maji. Maziwa hapana, mchuzi hapana, divai hapana, na utomvu hapana. Mtoto hakubatizwa. Hatateseka, alisema, wasiogope, ila hatamwona Mungu, na katika ardhi iliyobarikiwa hataingia.

Rolande, kitandani, aliuliza kama aliyeyatia maji kwenye wingu siye aliyeyatia kwenye mti. Padri akamwambia Philias amfunike vizuri mkewe, ana homa.

Philias akachonga kisanduku. Udongo ulipolainika akamzika upande wa kaskazini, nje ya uzio wa makaburi, kwenye kona walipolazwa wengine wa aina hiyo, pasipo alama. Wanaume wawili waliokuwa wakitengeneza paa la kanisa waliona, wakageuza nyuso.

Kuanzia hapo Rolande alikwenda kanisani kila Jumapili na mumewe na watoto, mpaka langoni. Pale aliwaachia mikono, akazunguka nyuma, akasimama kwenye ile kona hadi misa iishe. Mvua, theluji, inzi wa Juni. Wimbo ulimfikia kupitia madirisha. Hakuungama tena wala hakupokea komunyo, hata Pasaka. Nyumbani aliwapigisha watoto magoti jioni kama mama wengine wote, na ukimwuliza sababu anakutazama tu.

Siku hizo kijiji kilikuwa na macho. Na wazee walikuwa na imani yao: mtu akipitisha Pasaka saba bila kuungama, anageuka lugaru, binadamu mchana, mbwa mwitu akiondoka jua. Wengi waliisema kwa mzaha. Wengi waliisema kwa mzaha huku wakifunga milango.

"Rolande," Euclide mwenye duka alimwambia, mbele ya watu, Pasaka ya saba ilipokaribia, "mwambie Philias anunue kitana. Manyoya hayako mbali."

"Yakiota nitakuletea wewe, Euclide," Rolande akajibu, akichagua vitunguu. "Uyabandike hapo juu, maana naona pameshakuwa uwanja."

Watu walicheka mpaka Euclide naye akacheka, akajipapasa upara. Dukani iliishia hapo. Shuleni haikuishia hapo. Watoto walimfuata Gaétan njia nzima wakibweka. Sista mwalimu alimweka dawati la nyuma peke yake, na kila asubuhi darasa lilimwombea mama yake kwa sauti, kwa jina. Gaétan hakusema nyumbani. Philias alikuja kusikia kwa mtu mwingine, mtoto akiwa tayari ameota ndevu.

Kisha ikaja ile miaka ya watu kutoka kanisani. Hakuna aliyetangaza. Kwanza vijana walisimama karibu na mlango, halafu wakasimama ngazini wakivuta sigara, halafu hawakuja. Masista wakavua shela, shule ikachukuliwa na serikali. Padri Desruisseaux alizeeka, akafa, akazikwa na watu wachache kuliko waliohudhuria harusi ya Philias. Wale waliobweka walioa bila padri, na watoto wao wakakua hawajui lugaru ni mdudu gani.

Ndipo watu wakaanza kumheshimu Rolande. Walimwambia alikuwa ameona mbali. Binti zake wawili wa Montréal waliwasimulia rafiki zao kwamba mama yao ndiye mwanamke wa kwanza kuwa huru Sainte-Zélie. Waliposema hivyo mezani, Rolande aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo havijaliwa bado. Jumapili iliyofuata alikuwa pale pale pake. Tofauti ni kwamba sasa upande wa pili wa ukuta palikuwa na vikongwe kiasi cha kujaza benchi moja, na Philias anayeimba kwa sauti ya kupasuka. Binti zake wakamwuliza mbona bado anasimama nje, nani anamzuia siku hizi. Akawaambia wavae soksi, sakafu ni baridi.

Gaétan akawa meya. Alikuwa meya mzuri, maji ya bomba yalifika hadi shamba la mwisho. Jambo la kwanza alilofanya ni kufuta sala iliyofungua vikao vya halmashauri, na la pili ni kuushusha msalaba uliokuwa juu ya kiti chake. Wazee walinung'unika. Yeye alisema ukumbi ni wa wote, anayeamini na asiyeamini, na asiyeamini asitazamwe kutoka juu. Philias aliumia. Rolande alikwenda kuona. Ukutani palibaki doa jeupe lenye umbo la msalaba.

"Paka rangi, mwanangu," akamwambia. "Hilo doa linatazama watu kuliko mwenyewe alivyokuwa akiwatazama."

Paa la kanisa likaanza kuvuja, parokia ikauza kiwanja cha kaskazini. Halmashauri ikakinunua kiwe maegesho ya magari ya watu waendao kuteleza kwenye barafu. Hakuna karatasi iliyotaja watoto. Lakini kokoto zilipomwagwa, Gaétan alizuia zisifike kwenye kona ile. Akapanda misprusi pale, ile miti ya baridi isiyopukutisha majani, mstari mfupi. Hakueleza, na mama yake hakumwuliza. Alimpelekea pai ya nyama.

Mwisho wa mapadri wote akaja Padri Birindwa, kutoka Bukavu, ambaye alipewa parokia tano na gari moja lisilopata moto. Jumapili yake ya kwanza aliona dirishani mwanamke mzee amesimama kwenye theluji. Misa ilipokwisha alimfuata na kiti. Rolande akamwambia anashukuru, lakini mtu akikaa anapoa. Padri aliporudi Jumapili nyingine na kahawa, aliipokea. Hatimaye akamwambia habari ya Lucille, maneno machache. Padri akasema siku hizi Kanisa halisemi tena kama zamani, watoto hao wanakabidhiwa huruma ya Mungu. Akasema angeweza kuja siku moja kusoma sala, kumwombea mtoto msamaha.

"Alikosa nini, Padri?" akauliza Rolande. "Alikaa muda wa kuchemsha chai."

Padri Birindwa alikuwa mtu wa kusikia. Hakuitaja tena sala ile. Kahawa aliendelea kuileta.

Sasa Rolande alikuwa ndani ya kinyumba cha mawe, na Philias ana muda wa theluji tu. Alimwendea Padri kwanza. Padri akampa kiti, akamweleza polepole. Kumzika ndani ya uzio, udongo ukilainika tu, mlango uko wazi, na misa atamsomea kwa moyo wake wote. Nje ya uzio, mwili hauzikwi, sheria ya nchi haikubali maiti nje ya makaburi. Ila kama halmashauri ingerudisha ile kona kwa parokia, kipande tu, askofu angekubali, uzio ungesogezwa, na mama angelala na mtoto wake.

"Halmashauri maana yake mwanao, mzee wangu," akasema Padri.

"Najua."

"Umeongea naye?"

"Sisi hatuongei. Tunafyeka theluji pamoja."

Ombi likaenda. Kikao kilikuwa mwezi wa Machi. Ukumbi ulijaa, jambo ambalo hata bei ya maji haikupata kulifanya. Watu walikaa na makoti yao. Philias alikaa nyuma, kofia juu ya goti. Mjumbe mmoja alisema ni kipande kidogo, mtu asingekiona hata akikitafuta. Mwingine alisema leo kipande, kesho watadai na shule. Mmoja alilia alipokuwa akisema, mama yake naye alikuwa na mtoto pale. Mikono ikainuliwa, ikawa sawa kwa sawa. Kura ya kuamua ikabaki kwa meya.

Gaétan akapanga karatasi zake upya mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema: "Halmashauri hii haina dini. Haiwezi kulikatia kanisa ardhi ya watu wote, hata kwa ajili ya mama wa meya. Hasa kwa ajili ya mama wa meya."

Akanyoosha mkono kukataa.

Nje, watu wakitafuta funguo za magari, Euclide, ambaye sasa alitembea kwa fimbo na kushikiliwa, alimwegemea Philias sikioni. "Mkeo bwana," akasema. "Hata akiwa maiti anatugawa." Hakusema kwa ubaya. Philias akamfungulia mlango wa gari.

Asubuhi iliyofuata Gaétan alikuja na mashine, akasafisha njia ya banda, akaingia jikoni bila kuvua viatu. Mama yake angempigia kelele. Alisimama katikati ya dimbwi lake.

"Umekasirika, baba."

Philias hakukana.

"Nilibwekewa njia nzima, miaka yote ya shule. Unajua hilo? Niliombewa kama mwenye ukoma. Na leo mimi ndiye niwape ile ardhi? Wao ndio waliomtupa Lucille nje, halafu wakaiuza ardhi na yeye ndani yake, hawakumkumbuka hata. Nikawarudishie kwa mkono wangu?"

"Si wao. Ni mama yako."

"Mama hakuwa wao."

"Hakuwa wenu pia," akasema Philias.

Gaétan akatazama dirishani. Alikuwa na mabega ya mama yake, yale ya kupanda juu akikasirika. Baadaye akavuta kiti, akakaa, akaanza kusema kwa sauti nyingine, sauti ya mtu aliyekesha akifikiri. Halmashauri haiwezi kulipatia kanisa ardhi, lakini inaweza kumwuzia mwananchi. Philias ni mwananchi. Halmashauri inaweza kumwuzia ile kona yote, na misprusi yake, hakuna mjumbe atakayepinga, yeye meya ameshawauliza. Na mtu akiwa na ardhi yake, sheria inamruhusu kufukia majivu.

"Majivu," akasema Philias.

"Ndiyo, baba. Itabidi achomwe."

Philias akainuka akatia kuni jikoni, ingawa hazikuhitajika. Gaétan alingoja. Kisha akachukua kitambaa, akapangusa maji ya viatu vyake sakafuni, akaondoka.

Philias Gingras hakukosa misa tangu alipobebwa mgongoni. Hakusoma, lakini Nasadiki aliijua, na ndani yake mlikuwa na ufufuko wa mwili. Alikuwa akiamini hivyo hivyo ilivyosemwa. Siku moja mawe yatasogea, na Rolande atainuka akiwa na magoti yake mabovu yaliyopona, na kile kidole chake cha shahada kilichokatwa ncha na mashine ya majani, pengine na ncha yake. Alikuwa amekifikiria sana kidole kile. Na yeye angekuwa pembeni yake, chini ya jiwe la Gingras, ambalo majina yao mawili yalishachongwa tangu walipopata pensheni, pamebaki mahali pa mwaka wa kifo tu. Sasa akatie moto vyote hivyo, magoti, kidole, nywele, na amzike upande mmoja wa uzio, na jiwe lenye jina lake libaki upande wa pili.

Akikataa, Rolande ataingia kwenye ardhi iliyomkataa mtoto wake, na Lucille atabaki chini ya misprusi na magari ya watelezaji. Philias aliligeuza jambo hilo wiki nzima. Akiwa bandani, akiwa mezani. Redio alikuwa haifungui.

Mwisho akamrudia Padri Birindwa. Padri alimwambia bila kumzungusha kwamba siku hizi Kanisa halikatazi kuchoma, ila majivu linataka yalale mahali palipobarikiwa. Hiyo kona ikiwa ya Philias tu, asingeweza kwenda pale na joho lake. Alilisema akitazama mikono yake.

Philias akasema hakuja kuuliza hilo. Alikuja kuuliza kama Mungu anaweza kukusanya majivu.

Padri akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Bomba la joto lilikuwa linagonga ukutani.

"Mzee wangu," akasema, "kwetu nimesoma misa za watu ambao hatukupata hata majivu yao. Kijiji kizima. Kama hao hawezi kuwakusanya, basi mimi nimekuja kwenye baridi yote hii kufanya kazi ya bure."

Haikuwa jibu la kumlaza mtu usingizi. Philias alishukuru, akavaa kofia. Kufika nyumbani akampigia simu mwanawe, akasema neno moja, chomeni, akakata kabla sauti haijamsaliti.

Walimtoa kwenye kinyumba cha mawe wiki ya kwanza ya Mei, wengine wa baridi ile wakitolewa pia, wao wakapelekwa ndani ya uzio kama kawaida. Jeneza lake peke yake lilipakiwa garini. Philias hakwenda kule kwenye tanuri. Lilirudi sanduku dogo la mbao, Gaétan amelibeba kwa mikono miwili, kifuani, na kwa namna alivyolibeba Philias alikumbuka kisanduku kingine, akageuza uso.

Shimo alilichimba mwenyewe. Mizizi ya misprusi ilikuwa imeshikana, akaikata mmoja mmoja. Alikuwa akiangalia kila koleo, akitafuta kipande cha ubao, msumari, chochote. Hapakuwa na kitu. Udongo mweusi tu, unyevu, kama wa mahali pengine popote. Akaanza kutilia shaka kama hapa ndipo, au ni hatua kadhaa kule kwenye kokoto. Hakumwambia mtu. Angalau Rolande alikuwa akisimama hapa.

Waliokuja ni wachache. Binti wawili wa Montréal, na Euclide kwenye kiti cha magurudumu, na vikongwe wa benchi moja. Padri Birindwa alikuja na jaketi la mvua na viatu vya mpira, hana joho, hana kitabu, akasimama nyuma kama jirani yeyote. Kati yao na makaburi ulikuwa ule uzio wa chuma, na ng'ambo yake jiwe la Gingras lilionekana wazi, na jina la Rolande juu yake, na la Philias. Fundi wa mawe alikwisha kumwuliza afanyeje na hayo majina. Philias alimwambia atamjibu, na bado hajamjibu.

Sanduku likashuka. Gaétan akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika habari za mwanamke wa kwanza kuwa huru katika kijiji. Philias akamtikisia kichwa. Gaétan akaikunja, masikio yamekuwa mekundu. Kikongwe mmoja akaanza kumnong'oneza Padri kwamba alau Baba Yetu, marehemu hakuacha kusali, kila mtu anajua, hakuwahi kutoka kwetu. Padri akamtazama Philias. Philias akamtikisia kichwa na yeye.

Basi wote wakamgeukia yeye, na yeye si mtu wa maneno. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mtoni. Aliitafuta kofia yake kichwani, akakuta ameishika.

Akawaambia kwamba vuli iliyopita, misa ilipokwisha, alizunguka nyuma kumchukua kama kawaida, na Jumapili hiyo, asijue kwa nini, alimwuliza alichokuwa hajawahi kumwuliza. Alimwuliza kama yeye alitoka kanisani au alibaki, maana watoto wanasema hivi na wengine wanasema vile, na yeye mumewe hajui la kuwajibu. Rolande alikuwa anang'oa majani ya msprusi yaliyonasa kwenye skafu yake. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama theluji ni baridi. Philias akasema maneno yake anayakumbuka yote, hayakuwa mengi, naye atayasema kama yalivyosemwa, asiongeze wala asipunguze, na mtu asije akayatengeneza.

"Sikutoka na sikubaki, mzee. Mtoto yuko huku, nami nikaja huku. Vaa kofia, tuondoke, maharage yanaungua."